Klachi ya otomatiki ya Honda C70 ya zamani: namna ya kuirekebisha mwenyewe

“Fundi, pikipiki yenyewe haina mkono wa klachi. Sasa ukiniambia klachi imekwisha, ni klachi ipi?”

Swali hili huletwa na vijana waliorithi Honda C50, C70 au C90 ya baba au babu, na ni swali la haki kabisa. Klachi ipo, ila inajiendesha. Imefungwa upande wa kulia wa injini, kwenye ncha ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni). Injini ikizunguka polepole, pleti zake zimelegea na pikipiki imesimama. Ukivuta mafuta, vyuma vya uzito vilivyo ndani hurushwa kuelekea nje na kuzibana pleti, mwendo unaanza. Ukikanyaga gia, mkono mdogo ulioungana na ekseli ya gia huziachia pleti kwa muda ili gia iingie. Nadharia unayoihitaji ni hiyo tu.

Mfumo huu ulianza na Honda C100 mwaka 1958. Honda walitaka pikipiki ambayo mpeleka tambi wa Japani angeiendesha kwa mkono mmoja, mkono wa pili umebeba chakula. Kufikia mwaka 2017 familia hii iitwayo Super Cub, ambayo C50, C70 na C90 ni zake, ilikuwa imetimiza pikipiki milioni 100 zilizotengenezwa, kwa hiyo usimsikilize anayekuambia mashine yako ni takataka isiyo na vipuri.

Mwongozo huu ni wa C50, C70 na C90 zenye klachi moja kwenye krenki. Kama yako ni Dream au Wave ya miaka ya baadaye, ile ina klachi mbili na mpangilio wake ni mwingine. Usifuate hatua hizi.

Jambo moja ulishike kabla ya yote: usianze kwa kufungua. Anza na skrubu ya nje, kisha oili, kisha klachi, na giaboksi iwe ya mwisho kabisa. Pikipiki nyingi nilizoletewa na maneno “klachi imekwisha, nunua pleti” zilipona kwa skrubu na oili safi, na mwenyewe akarudi nyumbani na hela yake ya pleti mfukoni.

DALILI ZA KLACHI ILIYOCHOKA

Injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki, hasa mlimani au ukibeba mtu. Kiki inashuka laini bila kuizungusha injini sawasawa. (Kiki ya pikipiki hizi hupitia kwenye klachi, ndiyo maana klachi mbovu huonekana hata kabla hujaondoka.) Ukiachia mafuta kwenye mteremko, injini haikamati mwendo kama zamani.

Gia inayochomoka yenyewe ni ugonjwa mwingine. Nitaigusa mwishoni.

ANDAA HIVI KABLA YA KUSHIKA SPANA

- Spana na soketi za namba 8, 10, 12, 14 na 17
- Bisibisi ya kugonga kwa nyundo, yenye kichwa cha msalaba
- Soketi ya meno manne ya kufungulia nati ya klachi
- Koleo la saklipi (pete ya chuma yenye mwanya inayozuia vipande visitoke), koleo la kawaida, nyundo ndogo na nyundo ya mpira
- Kifaa cha kuzuia magneti (gurudumu la sumaku upande wa kushoto wa injini) isizunguke
- Vernia (ya kupimia unene), fila geji (vibamba vya kupimia mwanya) na kipande cha kioo bapa
- Jiriwa, vipande viwili vya mbao na miwani ya kukinga macho
- Beseni la oili chafu, mafuta ya taa, brashi na vitambaa visivyotoa nyuzi
- Gasketi ya kava la kulia, gasketi ndogo ya kifuniko cha klachi, sili ya ekseli ya kiki na washa mpya ya kufungia nati
- Oili ya pikipiki SAE 10W-40 yenye alama ya JASO MA (ya pikipiki ambazo klachi hukaa ndani ya oili), lita mbili
- Boksi gumu la karatasi, kalamu, na simu ya kupigia picha

Pleti mpya usinunue bado. Utajua kama unazihitaji ukifika hatua ya 9.

Soketi ya meno manne ukiikosa dukani, chukua soketi kuukuu au bomba nene la chuma, pima mifereji ya nati yako, uchonge meno kwa tupa. Ni kazi ya jioni moja. Mimi bado natumia niliyoichonga mwenyewe.

HATUA ZA KAZI

1. Rekebisha skrubu ya klachi.

Injini iwe imezimwa. Kwenye kava la kulia utaona skrubu yenye mfereji katikati na nati ikiizunguka. Shikilia skrubu kwa bisibisi, legeza nati. Zungusha skrubu kulia mzunguko mmoja mzima. Kisha irudishe kushoto polepole, ukiwa umeshika bisibisi kwa vidole viwili tu, mpaka uhisi imegusa kitu na kuwa nzito kidogo. Hapo simama. Sasa irudishe kulia moja ya nane ya mzunguko, uishike isisogee, kaza nati.

Kosa la wengi liko hapa. Wakihisi ule uzito wanaendelea kuzungusha kushoto, wakidhani wanakaza klachi. Kumbe wanaisukuma iachie. Pikipiki inateleza zaidi, na pleti nzima zinaungua ndani ya wiki. La pili ni kukaza nati bila kuishika skrubu: nati inaondoka nayo, na kipimo chote kimepotea.

Jaribu pikipiki mlimani. Kama imepona, funga boksi la spana uende zako.

2. Badilisha oili.

Klachi hii huogelea kwenye oili ileile ya injini, kwa hiyo kila unachokimimina unawapa pleti wakinywe. Oili ya gari iliyotengenezwa kupunguza msuguano huzifanya pleti ziteleze hata zikiwa mpya. Pasha injini dakika chache, weka beseni, fungua nati ya chini namba 17, acha oili ishuke yote. Paka kidole oili ile uitazame kwenye jua. Chembe nyeusi laini ni pleti zinazolika. Vipande vinavyometa na kukwaruza kidole ni chuma, na hapo kuna gia au beringi inayolika ndani.

Weka oili sahihi, tembea siku mbili tatu. Bado inateleza? Haya, sasa tunafungua.

3. Andaa pikipiki.

Isimamishe kwa stendi ya kati mahali pa usawa penye mwanga. Injini ipoe kabisa. Mwaga oili tena. Toa ekzosi, toa bomba la kukanyagia miguu (bolti nne chini ya injini), kisha toa mkono wa kiki. Bolti ya kiki itoe yote usiilegeze tu, kwa sababu imepita kwenye mfereji wa ekseli. Kanyagio la breki likikuzuia, lishushe ulifunge kwa kamba.

Osha upande wote wa kulia kwa brashi na mafuta ya taa kabla hujafungua chochote. Mchanga ulioganda chini ya kava unasubiri tu kuangukia ndani.

4. Fungua kava la kulia.

Kwenye boksi la karatasi chora umbo la kava na utoboe tundu kila mahali penye skrubu. Kila skrubu unayoitoa ichomeke kwenye tundu lake, maana hazina urefu sawa. Ukiingiza ndefu mahali pa fupi utapasua aluminiamu.

Skrubu hizi zina miaka arobaini au zaidi na vichwa vyake ni laini. Bisibisi ya kawaida itaruka na kula msalaba. Tumia ile ya kugonga: iweke wima, ielekeze kushoto, piga nyundo pigo moja la uhakika. Skrubu italia “tak” na kuachia.

Kava likigoma, ligonge kwa nyundo ya mpira kuzunguka pembeni. Usichomeke bisibisi kwenye maungio ili kulibanja. Mkwaruzo mmoja tu pale na oili itavuja maisha yote.

Gasketi ya zamani ikiwa imeganda, ilowanishe kwa oili kabla ya kuikwangua. Gasketi za miaka ile nyingi zilikuwa na asbestosi na vumbi lake si la kuvuta puani.

5. Tazama kabla ya kugusa.

Piga picha tatu nne kutoka pembe tofauti. Mbele yako kuna mkono wa klachi na kishikio cha gololi, na katikati kabisa kijiti kifupi cha kupitishia oili chenye springi yake ndogo. Hicho kijiti ndicho njia ya oili kuelekea kwenye krenki. Kiweke kwenye kopo lake peke yake.

Nasisitiza kwa sababu yamenikuta. Mara ya kwanza nilipofungua C70 ya marehemu baba, niliifunga yote, nikaosha mikono, na kesho yake asubuhi nikaikuta springi ile imelala chini ya kopo la mafuta ya taa, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Pikipiki ilikuwa haijatembea. Niliifungua upya siku ileile. Ningeiendesha, krenki ingekosa oili na injini ya mzee ingekufa mikononi mwangu.

6. Fungua kifuniko cha klachi.

Toa kwanza mkono wa klachi na kishikio cha gololi. Kifuniko kimeshikwa na skrubu ndogo zinazokizunguka. Zifungue kwa bisibisi ya msalaba, kisha toa kifuniko taratibu.

Ndani utakuta tope jeusi limegandamana ukutani kama ugali uliokauka kwenye sufuria. Usishtuke. Klachi hii ndiyo pia chujio la oili: ikizunguka, uchafu unarushwa pembeni na kubaki pale. Lakini kama haujaguswa miaka kumi, tope linajaa na oili haipiti vizuri. Likwangue lote kwa kijiti cha mbao, osha kwa mafuta ya taa, pangusa mpaka chuma king'ae. Hakikisha hakuna kilichoangukia kwenye tundu la katikati ya krenki.

7. Fungua nati ya klachi.

Unyooshe ule ulimi wa washa uliokunjwa kwenye nati. Zuia magneti upande wa kushoto, ingiza soketi ya meno manne, zungusha kushoto.

Tafadhali, usitumie patasi na nyundo. Najua mafundi wengi hufanya hivyo na nati inatoka. Lakini krenki hii imeundwa kwa vipande vilivyobanwa pamoja, na mapigo ya pembeni yanaweza kuipinda. Nati nayo inabaki imechanika, haikubali soketi tena, na anayefuata atapiga patasi kwa nguvu zaidi.

Ikitoka, chomoa klachi nzima kwa mkono. Angalia washa na bushi zilizobaki kwenye krenki: zipange kwenye kitambaa kwa mfuatano uleule zilivyotoka. Ukiona washa yenye maandishi OUTSIDE, kumbuka kwamba wakati wa kufunga maandishi hayo yatakutazama wewe.

8. Fumua klachi.

Vaa miwani. Ndani kuna springi zilizobanwa, na saklipi ikiachia ghafla inaweza kukutoboa jicho. Iweke klachi kwenye jiriwa katikati ya vipande viwili vya mbao, bana kidogo mpaka saklipi ilegee, itoe kwa koleo, kisha legeza jiriwa polepole. Toa pleti moja moja, na kila moja uipige picha kabla hujatoa inayofuata. Vipo vispringi vyembamba kati ya pleti vinavyozisaidia kuachana. Ni vyepesi, huangukia sakafuni bila sauti. Vihesabu.

9. Pima, kisha amua.

Pleti za msuguano: zipime unene kwa vernia sehemu tatu nne, ulinganishe na mpya dukani au na kipimo cha kitabu cha modeli yako. Ikinuka kuungua, ikiwa nyeusi na kung'aa kama kioo, au ikimegeka pembeni, ibadilishe hata kama unene upo.

Pleti za chuma: laza moja moja juu ya kioo. Ikicheza kama sahani iliyopinda, au fila geji ikipita chini yake kirahisi, haifai. Rangi ya bluu ni alama ya joto kali.

Springi: zisimamishe zote pamoja mezani. Iliyo fupi kuliko wenzake imechoka. Badilisha seti nzima.

Vyuma vya uzito: visogeze kwa kidole. Vinatakiwa kuteleza bila kukwama. Kilichogandishwa na tope kioshe vizuri.

Kikombe cha nje: pitisha kucha kwenye mifereji ambamo meno ya pleti hukaa. Kucha ikinasa kwenye vishimo, pleti hukwama hapo pia. Vishimo vidogo vilainishe kwa tupa laini. Vikiwa virefu, tafuta kikombe kingine.

Kununua ukipenda, beba pleti ya zamani mkononi. Za C50, C70 na C90 zinafanana machoni, muuzaji mwenyewe huzichanganya.

10. Loweka pleti mpya.

Zitie kwenye oili safi kwa saa kadhaa, usiku mzima ni bora zaidi. Pleti kavu huungua dakika za kwanza tu za kuwaka.

11. Safisha chujio la wavu.

Wakati pleti zinalowa, chomoa kichujio cha wavu kilichochomekwa chini ya injini upande huohuo. Kumbuka kilivyokaa. Kioshe, kirudishe vilevile. Ni dakika tano, na hutaifungua sehemu hii tena kwa muda mrefu.

12. Funga klachi.

Rudisha kila kitu kwa kufuata picha zako kutoka mwisho kwenda mwanzo. Saklipi ikae ndani ya mfereji wake mzunguko wote. Iguse kwa ncha ya bisibisi kuhakikisha. Paka oili kwenye krenki na bushi, ingiza klachi huku ukizungusha gia taratibu mpaka meno yakutane. Washa mpya, kisha nati. Ikaze hadi karibu Nm 40 (kipimo cha nguvu ya kukazia). Kunja ulimi wa washa kwenye mfereji wa nati. Ulimi usipokutana na mfereji, kaza nati kidogo mpaka vikutane. Usiilegeze.

Gasketi mpya, kifuniko cha klachi, skrubu zake kwa kiasi. Kijiti cha oili na springi yake. Kishikio cha gololi. Mkono wa klachi.

13. Funga kava.

Bandika sili mpya ya kiki, ipake oili mdomoni. Kabla ya kusukuma kava, legeza nati ya ile skrubu ya klachi ya hatua ya 1 na uizungushe skrubu kulia, isije ikasukuma kitu. Kava likae lenyewe kwa mikono. Likibaki na mwanya, kuna kitu hakijakaa, toa uangalie. Usilivute kwa skrubu. Kaza skrubu kwa kuvuka, hii na ya upande wa pili, awamu mbili.

14. Oili, skrubu, jaribio.

Weka oili lita 0.7. Fanya tena marekebisho ya hatua ya 1. Chomoa plagi, piga kiki mara ishirini hivi ili oili itembee kabla ya moto. Rudisha plagi, washa, iache ingurume dakika mbili bila kuvuta mafuta. Zima, subiri kidogo, chomeka kijiti cha kupimia bila kukikaza, ongeza mpaka alama ya juu.

Sasa weka gia ya kwanza pikipiki ikiwa kwenye stendi, gurudumu la nyuma hewani. Likizunguka pole na kusimama ukigusa breki kidogo, ni sawa. Anza kutembea barabara tambarare, bila abiria, siku ya kwanza.

IKIBAKI NA TATIZO

Bado inateleza baada ya pleti mpya. Rudi kwenye skrubu ya klachi kwanza, kisha kagua oili uliyoweka. Kama ulinunua oili ya gari kwa kuwa ilikuwa bei nafuu, imwage.

Inataka kuondoka yenyewe ukiweka gia. Mara nyingi injini inazunguka haraka mno ikiwa imeachiwa. Rekebisha kwenye kabureta ishuke mpaka karibu mizunguko 1500 kwa dakika. Ikibaki hivyo, vile vispringi vyembamba vimesahaulika au pleti ya chuma imepinda.

Gia inaingia kwa kishindo. Skrubu haifiki kuachia klachi, irekebishe upya. Angalia na mnyororo pia. Ukilegea kupita milimita 20, kila gia itagonga hata klachi ikiwa nzima.

Kiki bado inateleza. Klachi ikiwa imepimwa na ni sawa, meno ya kiki yenyewe yamelika.

Oili inachuruzika chini. Pangusa, nyunyizia unga wa muhogo au wa mahindi, washa, utazame unga unalowa wapi. Ikiwa ni kwenye ekseli ya kiki, sili imekaa upande. Kwenye maungio ya kava, skrubu moja imelegea au gasketi imejikunja.

Kuna mlio wa kugonga kulia, haukuwepo mwanzo. Zima hapohapo usitembee nayo. Nati ya klachi inaweza kuwa imelegea.

Gia ya pili inachomoka ukivuta mafuta. Hii haitibiwi na klachi. Ukiwa bado umelifungua kava, angalia mkono na kiroda kinachozuia ngoma ya gia, na springi yake. Vikiwa vizima, meno ya gia zenyewe yamekuwa mviringo na injini lazima ishuke na kupasuliwa katikati. Kwa kazi hiyo tafuta fundi aliyewahi kupasua injini ya Cub, na siku utakayompelekea mpe na zile picha zako.